Anayeandika Kanuni Ndiye Anayeliumba Ua

Katika kumbi za mashindano ya maua nchini Uingereza kuna kadi ndogo inayoogopwa kuliko kushindwa kwenyewe. Ina herufi tatu tu, NAS, na maana yake ni kwamba kilichowekwa mezani sicho kilichoagizwa na waraka wa mashindano. Waraka umetaka krisanthemumu tano katika chombo kimoja. Mtu ameweka sita, au ameweka tano lakini moja ni ya aina nyingine. Mwamuzi haendelei kutazama. Hapimi rangi, hageuzi chombo aone upande wa nyuma, halinganishi na chombo cha jirani. Anaweka kadi na kupita, hata kama maua yale ndiyo mazuri kupita yote yaliyomo ukumbini.

Wageni wanaoingia milango ikishafunguliwa huudhika wakiiona kadi hiyo. Huuliza uzuri na urasimu vimekutania wapi. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Kadi ile inaweka wazi jambo ambalo makombe na tepe huficha: katika mashindano haya, anayetangulia kuamua si jaji wala mkulima. Ni yule aliyeketi miezi mingi kabla akaandika kwamba daraja hili litataka maua mangapi, ya umbo gani, yasiyozidi upana gani, yakiwa na majani au bila majani. Na uamuzi wake haukomi siku ya maonyesho. Kanuni za mashindano hazichagui tu ua bora kati ya yaliyopo. Zinaamua ni maua gani yataendelea kuwapo. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba wakulima na wapangaji wa maua wanapaswa kuzigombea kanuni hizo kwa nguvu ileile wanayogombea makombe, na kwamba leo hawafanyi hivyo.

Krisanthemumu inalionyesha jambo hili kuliko ua lolote, kwa kuwa ni mmea unaokubali kugeuzwa. Kile tunachokiita ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi mno vilivyosongamana juu ya kikalio kimoja. Vya pembeni hurefuka na kuwa zile petali tunazozisifia. Vya katikati hubaki vifupi, mfano wa kitufe. Ukibadili uwiano wa makundi hayo mawili, au ukibadili namna petali inavyojikunja, unapata maua yanayoonekana kama hayana undugu: moja limejifunga na kuwa mpira, jingine limemwaga petali zake chini, jingine lina petali nyembamba kama nyuzi zilizopinda ncha, jingine kila petali yake imeishia kwa kijiko. Chama cha krisanthemumu cha Marekani kinayagawa maumbo haya katika madaraja 13. Kile cha Uingereza kina sehemu 30, kwa sababu kinahesabu pia majira: kuna maua yanayochelewa, kuna ya Oktoba, na kuna yale yanayowahi.

Ndani ya seli zake, krisanthemumu ya bustani hubeba seti sita za kromosomu, kwa kawaida 54 kwa jumla, na ndiyo maana mbegu za ua moja huzaa watoto wasiofanana na mama wala wao kwa wao. Tena si ajabu tawi moja kuamka na ua la rangi tofauti juu ya mmea uleule. Kwa hiyo uwezekano hauna mwisho. Lakini aina nzuri ikishapatikana haiwezi kutunzwa kwa mbegu. Inatunzwa kwa vipandikizi, mwaka baada ya mwaka, kutoka kwenye shina la zamani lililohifadhiwa kipindi cha baridi. Ikipita miaka michache hakuna aliyeikata kipandikizi, aina hiyo imetoweka duniani, na hakuna ghala la mbegu la kwenda kuitafuta.

Sasa mfikirie mkulima mwenye nafasi ya vyungu vichache katika kitalu nyumba chake. Kila mwaka anachagua aina zipi apandikize na zipi atupe. Atazitunza zinazopata alama. Sioni aibu katika hilo, ndivyo binadamu anavyofanya anapokuwa na nafasi ndogo na kazi nyingi. Lakini zidisha uamuzi huo kwa wakulima wote wa nchi, kwa miongo kadhaa, utaona kwamba jedwali la alama lililobandikwa ukutani limefanya kazi ya mzalishaji wa aina mpya, bila mtu yeyote kumpa cheo hicho.

Historia ya Ulaya inalithibitisha. Krisanthemumu ya Kichina ilifika Ufaransa mwaka 1789 kwa mkono wa Pierre-Louis Blancard, mfanyabiashara wa Marseille. Kati ya mimea mitatu aliyoileta mmoja ndio uliopona, wenye ua la zambarau. Mwaka 1846 wapenzi wa ua hilo waliunda chama chao Stoke Newington, kaskazini mwa London, na hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha taifa mwaka 1884. Walichokitaka waanzilishi hao kilikuwa dhahiri: ua la mviringo kamili, petali zote zikiwa zimekunjika kuelekea ndani, pana, laini, bila hata moja kukaa kombo. Kila kisichofanana na mpira kilihesabiwa dosari.

Kisha akaja Robert Fortune, mwindaji mashuhuri wa mimea. Mwaka uleule wa 1846 alikuwa ameleta krisanthemumu ndogo kutoka Chusan, nchini China, na Waingereza hawakuzijali. Wafaransa ndio waliozichukua, wakazizalisha, wakapata pomponi, yaani maua madogo ya duara, zilizokuja kupendwa kote. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 akaleta nyingine kutoka Japani, kubwa, zenye petali ndefu zilizotawanyika kila upande. Wakuu wa mashindano walizikunjia uso. Kwa kipimo chao zilikuwa maua yasiyochanwa nywele. Na kwa kipimo hicho walikuwa sahihi! Ua la Japani likiwekwa katika daraja la maua ya mpira haliwezi kushinda milele. Lilianza kuheshimiwa pale lilipofunguliwa daraja lake lenyewe, lenye kipimo chake. Karne ya 19 haijaisha, maua hayohayo yaliyobezwa yalikuwa yameshika katikati ya ukumbi, na ule mpira wa kale ukasogezwa pembeni.

Sisemi kwamba macho ya watu hayakubadilika. Yalibadilika. Ninachosema ni kwamba jicho la mtu mmoja likipenda kitu, hupenda peke yake nyumbani kwake. Kinachomfanya mkulima aingie gharama ya mwaka mzima ni daraja lililoandikwa, lenye nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Kuna kisa kingine cha enzi hizo ambacho kinanishughulisha zaidi, nacho ni cha ubao. Washindani wa wakati wa Malkia Victoria hawakuonyesha maua yakiwa na mashina marefu. Walikata kichwa cha ua, wakakipachika kwenye kikombe kidogo chenye mrija wa maji, wakavipanga vikombe hivyo kwa safu juu ya ubao: maua sita, kumi na mawili, ishirini na manne. Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia mashindano, mtu alikaa na kibano akipanga petali moja baada ya nyingine, aking'oa iliyovunjika, akiikunja iliyogoma kukunjika. Ulikuwa ustadi mkubwa, na waliouweza walisifiwa kwa haki.

Lakini tazama kile ambacho ubao ulikificha. Shina halikuonekana. Majani hayakuonekana. Shingo ya ua, mahali ambapo uzito wote unaegemea, ilikuwa ndani ya kikombe. Mkulima mwenye mmea dhaifu, majani yaliyoungua na kutu, shina lisiloweza kusimama bila mti wa kuegemea, alikuwa sawa kabisa na mwenye mmea wa afya, mradi vichwa vya maua vilingane. Ukiendesha mashindano hivyo kwa miaka mingi, unawazawadia watu kwa kutunza aina zenye kichwa kizuri na mwili mbovu. Badiliko la kutoka kwenye ubao kwenda kwenye chombo chenye maji, ambamo ua husimama kwa shina lake na kuvaa majani yake, kwangu ni badiliko kubwa kuliko aina yoyote mpya iliyopata kutangazwa. Sentensi chache katika waraka zilimlazimisha mkulima autazame mmea wote.

Wajapani walikuwa wamefika huko kwa njia yao. Katika malezi yaitwayo sanbonjitate, mmea mmoja ndani ya chungu hupewa mashina matatu. Moja, lililo nyuma na refu kuliko yote, huitwa mbingu. Mengine mawili ni dunia na mwanadamu. Kila shina hubeba ua moja tu, na chini ya ua huwekwa pete nyembamba ya waya ya kulitegemeza. Maua yote matatu yanatakiwa yawe ya ukubwa mmoja na yafunguke kwa pamoja, na majani yawe kijani kibichi yakishuka hadi ukingoni mwa chungu. Hakuna pa kujificha. Jani la chini kabisa lililonyauka mwezi wa Agosti linakuja kukushtaki mwezi wa Novemba. Kule Higo, ambako leo ni Kumamoto, jamii ya wapiganaji ilikwenda mbali zaidi: krisanthemumu zao za petali chache, zenye nafasi kati ya petali na petali, zilipandwa kitaluni kwa mpangilio maalumu wa urefu na rangi, na kilichotazamwa kilikuwa kitalu kizima. Ua moja lililojitokeza kupita wenzake halikuwa sifa bali kasoro.

Napenda kuiweka mifano hii mitatu kando kwa kando kwa sababu mmea ni uleule. Mababu zake wametoka China kwa pande zote. Penye ubao palizaliwa vichwa vikubwa. Penye chungu palizaliwa mimea iliyo kamili. Penye kitalu palizaliwa maua yanayojua kukaa na mengine.

Hebu sasa niizungumzie kazi yenyewe, maana asiyeijua atadhani nagombana juu ya karatasi. Vipandikizi hukatwa katikati ya majira ya baridi. Miche huhamishwa kutoka chungu kidogo hadi kikubwa, mara tatu au zaidi, kila mara kabla mizizi haijasongana. Kisha huja siku ya kukata ncha ya mmea ili utoe matawi, na siku hiyo haichaguliwi ovyo. Mkulima hodari anaijua kwa kila aina aliyonayo, maana wiki moja mapema au wiki moja baadaye hubadili tumba litakalokuja, na tumba hubadili idadi ya petali, rangi, na tarehe ya kuchanua. Yakishatokea matawi, huacha machache tu. Yakishatokea matumba, huchuma yote ya pembeni kwa ncha ya kidole na kubakiza la katikati. Kinachobaki hulindwa dhidi ya vidukari, dhidi ya ukungu wa unyevu, dhidi ya jua kali linalofifisha rangi. Wengine hulivika ua mfuko wa karatasi lingali bado tumba. Yote hayo yanalenga Jumamosi moja. Ua lililofikia kilele Jumatano limeshindwa.

Mwaka 1920 watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Garner na Allard, walieleza kwa nini mimea kama krisanthemumu huchanua inapochanua: mmea husoma urefu wa mchana na usiku, na usiku ukirefuka vya kutosha ndipo huanza kutengeneza matumba. Tangu hapo, mwenye kitambaa cheusi cha kufunika na taa za kuwasha usiku anaweza kuuamrisha mmea. Biashara ililidaka jambo hilo kwa mikono miwili, na ndiyo sababu leo krisanthemumu huuzwa mwezi wowote wa mwaka. Mashindanoni lilizua ugomvi: je, aliyetumia kitambaa cheusi amemzidi mwenzake kwa ustadi au kwa vifaa? Mimi naona ni ustadi. Mtu anayejua saa ya kufunika na siku ya kuacha kufunika anaujua mmea wake. Ila sitaki kitambaa kiwe sharti la kuingia ukumbini, na hilo ni suala la waraka: madaraja ya maua yanayokuja kwa majira yake yabaki, na yawe mengi.

Biashara nayo ni mwamuzi, tena mwamuzi mkali kuliko wote. Soko la jumla linataka ua linalolala sanduku moja na mengine mia bila kuchubuka, linalovumilia safari bila maji, linalokaa wiki mbili sebuleni kwa mnunuzi, lenye shina lililonyooka na majani yasiyogeuka njano kabla ya petali. Ndiyo sababu soko limejaa krisanthemumu za vishada, zenye maua madogo kadhaa juu ya shina moja. Ua kubwa la mashindano, lenye petali laini zinazopata doa kwa kuguswa tu, halina nafasi ndani ya sanduku. Hivyo tuna wachaguzi wawili wanaovuta mmea huu pande mbili: sanduku linachagua ugumu, meza ya mashindano inachagua umbo. Watu wa kila upande huwadharau wenzao. Wafanyabiashara huyaona maua ya mashindano kuwa mchezo wa wastaafu. Washindani huyaona maua ya soko kuwa bidhaa zisizo na roho. Naona wote wanakosea, na ushahidi wangu nautoa kwenye ua jingine.

Huko Yorkshire kuna chama cha tulipu cha Wakefield, kilichoanzishwa mwaka 1836, ambacho hadi leo huonyesha tulipu zake ndani ya chupa za bia za rangi ya kahawia. Tulipu zinazopendwa hapo ni zile zilizochorwa michirizi ya moto na ya manyoya juu ya petali, nyekundu juu ya njano, zambarau juu ya nyeupe. Mwaka 1928 Dorothy Cayley, mtafiti katika taasisi ya John Innes, alionyesha kwamba michirizi hiyo huambukizwa kutoka kitunguu cha tulipu kimoja hadi kingine. Ni ugonjwa wa virusi, unaosambazwa na vidukari. Mkulima wa kibiashara akiona ua la namna hiyo shambani huling'oa na kuliteketeza, na ana haki, kwani virusi hudhoofisha mmea. Kama soko lingekuwa ndilo mwamuzi pekee, ua lililowatia watu wazimu Uholanzi katika karne ya 17 lisingekuwapo tena. Limebaki kwa sababu kikundi kidogo cha watu kina waraka wenye madaraja ya tulipu zenye michirizi, na kila Mei kuna mtu anayetaka kushinda katika daraja hilo. Wanazipanda mbali na tulipu nyingine, wanazilinda. Mashindano yamefanya kazi ambayo hakuna biashara ingeifanya.

Washindani wa krisanthemumu wana sifa nyingine ambayo haitajwi sana. Mwisho wa msimu, mkulima makini hapandikizi kutoka kwenye shina lolote lile la aina yake. Anatia alama shina lililotoa maua bora, na kutoka hilo tu ndipo anapokata vipandikizi. Wakati huohuo anayatupa yaliyodumaa, kwa kuwa mmea huu hushikwa na maradhi ya kudumaa yanayohama kwa kisu na kwa vidole. Daraja linalodai maua matano yanayofanana kama mapacha ndilo linalomfundisha uangalifu huo, kwani shina moja legelege likichanganyika na mengine humwaibisha mezani. Upande wa pili, washindani hao hao hupeana vipandikizi kwa ukarimu mno, na maradhi husafiri pamoja na urafiki. Vyama vingefanya vema kusema hili waziwazi katika mikutano yao.

Wapangaji wa maua nao wana mashindano yao, na makubwa. Kombe la Dunia la Interflora, mtandao wa kimataifa wa wauza maua, limekuwapo tangu mwaka 1972. Mshindani hupewa muda, hupewa mada, na katika raundi nyingine hufunuliwa vifaa ambavyo hakuvijua kabla ya saa kuanza kuhesabu. Mfumo wa kuamua unaotumiwa na Florint, shirikisho la wapangaji wa maua, hugawa alama kwa wazo, rangi, mpangilio na ufundi. Ukichunguza hicho kipengele cha ufundi utaona hekima: mwamuzi huangalia kama kazi imesimama imara, na kama kila shina limefikiwa na maji. Kazi inayopendeza huku maua yake yana kiu hupoteza alama. Hapa wapangaji wamewatangulia wakulima, kwa maana wanapima kitu ambacho jicho la mgeni halikioni.

Lakini katika kumbi hizo hakuna anayeulizwa ua limetoka wapi. Limetoka sandukuni. Mkulima hayupo, jina la aina halijaandikwa popote, na krisanthemumu hutendewa kama rangi ya kupaka. Nasikitika kwa hilo kwa sababu pande hizi mbili zingefaana sana. Mpangaji ndiye anayejua ua gani linashika shingo yake siku ya nne na lipi linainamisha kichwa. Mkulima ndiye anayejua aina gani ya zamani ina rangi ambayo soko limeisahau. Sioni kwa nini waraka usiwe na daraja la watu wawili, mkulima na mpangaji, ambamo maua yamelimwa na mmoja na kupangwa na mwingine, na alama zao haziwezi kutenganishwa.

Kuhusu ukubwa nitasema kidogo. Ukubwa unapendwa kwa kuwa hauleti ubishi: futi ikisema, imesema. Ua likilishwa naitrojeni kupita kiasi hunenepa, petali zake zikalegea, likashika ukungu siku ya mvua. Madaraja yanayoweka kikomo cha upana, ambamo ua huvishwa pete ya kipimo na likizidi hutolewa, yametengeneza maua yaliyokaza na yenye afya kuliko yale ya "kubwa kuliko yote". Yaongezwe. Aina za zamani nazo zipewe daraja la kudumu, si meza ya kumbukumbu pembeni mwa ukumbi.

Yapo mambo mawili ninayoyataka zaidi ya hayo yote, na najua yatapingwa.

La kwanza ni kwamba waamuzi waandike sababu. Leo, katika maonyesho mengi, kazi ya kuamua hufanyika asubuhi ukumbi ukiwa umefungwa, kadi za majina zimelazwa kifudifudi ili mwamuzi asijue ni maua ya nani. Utaratibu huo wa kuficha majina ni mzuri, sitaki uguswe. Lakini milango ikifunguliwa, mshindani wa nne hukuta chombo chake hakina kadi wala neno. Ameshindwa kwa nini? Kwa ua moja lililokuwa dogo? Kwa petali za nyuma zilizoanza kukauka? Kwa mashina yaliyopangwa vibaya? Wenye uzoefu husogea karibu, huinama, hutambua wenyewe. Mgeni katika mchezo huondoka akiamini kwamba wakubwa wanajuana, na mwaka ujao harudi. Vyama vinavyolia kwamba vijana hawaji vianze hapa. Nimekwisha kuambiwa kwamba waamuzi ni watu wa kujitolea, madaraja ni mengi, saa ni chache. Ni kweli. Ndiyo maana siombi insha. Mstari mmoja kwa kila aliyepata nafasi na kwa aliyekaribia kuipata unatosha: "Ua la kushoto limepita kilele chake." Mstari huo unamfundisha mtu mwaka mzima wa kilimo. Tena unamfunga mwamuzi mwenyewe, kwa kuwa sababu zikiandikwa, zinaweza kulinganishwa na za mwamuzi mwingine, na upendeleo wa ukubwa au wa rangi fulani utaonekana kwenye karatasi baada ya misimu michache. Waamuzi wazuri hawana cha kuogopa hapo.

La pili ni kuamua mara mbili. Maonyesho mengi huchukua siku mbili au zaidi, na kila anayetembea ukumbini alasiri ya siku ya pili amekwisha kuona maua yaliyopewa kadi nyekundu ya nafasi ya kwanza asubuhi ya jana yakiwa yamelegea, huku chombo cha tatu kikiwa bado kimesimama kama kilivyoletwa. Alama zote zilitolewa katika saa moja, kwa hiyo mkulima hulenga saa hiyo moja. Hufungua ua hadi mpaka wake wa mwisho, kwa sababu uhai wake baada ya hapo hauhesabiwi na mtu. Tukiweka robo ya alama kwa hali ya ua wakati wa kufunga, mkulima atalazimika kutafuta aina zenye petali ngumu na shina linalonywa maji vizuri, atakata maua yake alfajiri, atayaacha ndani ya maji mengi mahali pa giza na baridi kabla ya safari, na atalileta ua siku moja kabla ya kilele badala ya kilele chenyewe. Hayo ndiyo mambo ambayo mpangaji na muuzaji wanayalilia kila siku. Mashindano yatakuwa yamechagua umbo na ugumu kwa pamoja, jambo ambalo sanduku haliwezi na meza ya leo haiwezi.

Watasema kilele ni kilele, na kwamba uzuri wa krisanthemumu ya maonyesho uko katika kuwahi ile saa. Wanaosema hivyo nawaheshimu; wamezitumia asubuhi nyingi za baridi kwa ajili ya saa hiyo. Naomba tu wakumbuke kwamba hata kipimo chao kiliwekwa na watu, kama ule ubao ulivyowekwa na watu na kuondolewa na watu. Chama kinachohofia kubadili yote kwa mpigo kianze na daraja moja, la maua matano yanayojikunja ndani. Waamuzi walewale warudi mezani nusu saa kabla ya kufunga, na alama za asubuhi ya kwanza na za jioni ya mwisho zichapishwe kando kwa kando, pamoja na jina la kila aina, ili wakulima wazisome kabla ya kukata vipandikizi vya mwaka unaofuata.